Watu wa Chuma Walioacha Nafasi

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipobadilika katika kijiwe chetu hapa Kiganjo. Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe ya machimbo, kando ya duka la Mama Nzilani, pale boda boda hugeuzia. Mke wangu Wayua aliuza kahawa hapo miaka mingi. Alikuwa akikaa mwisho wa ubao, chupa kubwa ya kahawa kati ya miguu yake, akimimina na kusikiliza uongo wetu. Mungu alimchukua mwezi wa nane mwaka uliopita. Tangu siku hiyo hakuna aliyekalia mahali pake. Hatukukubaliana, ilitokea tu. Wanaume wanne tunabanana upande mmoja kama mahindi kwenye gunzi, na binti yetu Becky, aliyerithi chupa, humimina akiwa amesimama. Hupumzisha mguu mmoja juu ya jiwe, kisha huo mwingine.

Asubuhi hiyo tulikuwa tukibishania picha. Jumamosi tulikuwa tumemsindikiza kifungua mimba wangu, Emmah, uwanja wa ndege. Alikuwa anaenda Ujerumani kutunza wazee. Kijiwe kizima kilikuja, maana kwetu mtu haendi ng'ambo bila watu wa kumwombea kando ya gari. Ndege ikachelewa. Tukatembea huku na huku tukingoja, ndipo tukakuta watu wa chuma. Walikuwa wameketi kwenye benchi la chuma, makoti ya chuma mwilini, mizigo ya chuma miguuni, wanangoja kama sisi. Mwishoni mwa benchi, fundi aliyewatengeneza alikuwa ameacha nafasi ya mtu mmoja.

Picha ilikuwa kwenye simu ya Ndung'u, mwendesha boda boda. Tunamwita Advoketi tangu siku aliposhinda kesi ya kuku.

Advoketi: Wazee, angalieni hapa. Hii nafasi si ya bure. Kuna mtu aliibiwa.

Injinia: Aliibiwa nini?

Advoketi: Yeye mwenyewe! Msee alikuja na msumeno, akamkata, akamuuza skrepu huko Kiuu. Saa hii tunavyoongea, huyo jamaa ni sufuria.

Injinia ni Muasya, anayetengeneza pampu za maji.

Injinia: Wacha hizo. Mimi niliinama nikaangalia chini ya benchi. Hakuna alama ya kukatwa.

Advoketi: Ndiyo soja wa uwanja akakufukuza.

Injinia: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi ni safi kabisa. Fundi aliishiwa na chuma tu, basi. Hata mimi ile pampu ya kina Kaveke niliiacha bila kifuniko.

Becky: Na mpaka leo inaingia vyura.

Injinia: Haba na haba hujaza kibaba, mami.

Becky: Kibaba cha vyura?

Tulicheka. Kisha Bishop akakohoa. Bishop ni Mutie, ambaye hukaribisha watu mlangoni kanisani, na akikohoa ujue anataka kuhubiri.

Bishop: Nyinyi hamna macho ya rohoni. Hiyo nafasi ni ya Eliya. Alipaa bila tikiti. Siku akirudi, atashukia wapi kama si uwanja wa ndege?

Advoketi: Bishop, wewe wacha kabisa. Si ni wewe uliwasalimia hao watu wa chuma "Bwana asifiwe"?

Bishop: Kulikuwa na giza kidogo.

Advoketi: Saa tisa mchana! Wakamnyamazia, akakuja kuninong'onezea, ati hawa ni wa dhehebu lingine.

Becky alicheka mpaka akaweka chupa chini. Kicheko chake ni cha mama yake, huanzia mabegani.

Advoketi: Sasa nimeshika. Hiyo ni nafasi ya mheshimiwa. Alialikwa afungue sanamu, hajafika, na hao wote bado wanamngoja. Ndiyo maana wameganda.

Injinia: Hapana, ni mizani. Ukikaa hapo inakupima. Wanajua umeficha unga wa ugali kwa begi. Emmah alikaa hapo, na akifika ndani unga wake ulirudishwa. Ama nadanganya?

Bishop: Hapo sasa ndipo naona makosa. Emmah hakufaa kukaa. Nafasi ya mtu ikiachwa, inaheshimiwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Advoketi: Hiyo nayo inaingilia wapi?

Bishop: Hiyo sanamu imewahi kutembea? Haijatembea. Kwa hivyo ni chema. Na chema hakikaliwi.

Kila mtu aliangalia upande mwingine, asiangalie mwisho wa ubao wetu.

Ni kweli Emmah alikaa. Kabla ya kuingia ndani alienda moja kwa moja kwa wale watu wa chuma, akaketi pale mwishoni, begi kati ya miguu yake, akasema, "Baba, nipige picha." Maneno yalifika mdomoni: toka hapo, hapo kuna mtu. Lakini nilipotazama tena, wale watu wa chuma, ambao kutoka mchana nilikuwa nikiwaona kama watu wa matanga, walionekana kama watu wanaopiga hadithi. Hawakuwa wamebadilika. Yeye tu ndiye aliyekuwa ameketi. Nikapiga picha. Ilipinda, lakini ni nzuri. Nilimtumia Advoketi aiweke kwenye simu yake pamoja na ile ya nafasi tupu, kwa sababu yangu ina kioo kilichopasuka. Hayo mengine sikumwambia mtu.

Injinia: Baba Emmah, wewe ndiye mzazi. Mtoto alikosea ama hakukosea?

Mimi: Bado nafikiria.

Advoketi: Tangu Jumamosi?

Mimi: Mimi hufikiria pole pole.

Ndipo akafika msichana tusiyemjua, kitambaa cha kufagilia bado kichwani. Alisema anaitwa Lynn, na kwamba amehamia jana ile ploti ya vyumba vya kupanga, yenye rangi ya njano.

Lynn: Habari zenu, wazee. Sasa, dada. Nipe kikombe kimoja, hiyo ya tangawizi.

Becky alimimina. Lynn alionja, akashukuru. Alituangalia vile tulivyobanana, nyonga moja ya Bishop ikining'inia nje. Akaangalia ile nafasi. Akamwangalia Becky akibadilisha mguu juu ya jiwe.

Lynn: Samahani, nauliza tu. Mbona dada anasimama na hapa kuna nafasi?

Advoketi, aliyebishana na hakimu juu ya kuku mpaka akashinda, aliangalia ndani ya kikombe chake. Bishop alirekebisha kofia yake. Injinia aliinama kana kwamba anakagua mawe. Becky hakumwangalia Lynn, aliniangalia mimi. Nikaona vifundo vya miguu yake vimevimba. Miezi yote hiyo nilikuwa nikiangalia ile nafasi, na sikuwa nimeangalia miguu yake.

Mimi: Becky, mami, keti.

Becky: Baba, si hapo ni pa mama?

Mimi: Ndiyo, ni pa mama. Keti.

Alijipangusa mikono kwa aproni. Aliketi pole pole, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa mguu. Akavuta chupa, akaiweka kati ya miguu yake. Ubao ulilia kidogo, vile ulivyokuwa ukilia zamani.

Injinia: Ngojeni. Mmesikia hiyo? Ubao umekaa sawa. Kumbe tumekuwa tumeinama upande huu wote, na mimi fundi nimekalia.

Advoketi: Tusogee basi! Bishop, rudisha hiyo nyonga yako ndani. Becky, tulia hivyo hivyo, nimtumie Emmah picha.

Tukasogea. Hata Lynn akapata mahali katikati. Bishop alivua kofia ili aombe, lakini nikamwambia leo nitaomba mimi. Lynn alifunga macho pamoja nasi, kikombe mkononi, bila kujua tunamwombea nani.

Baba wa mbinguni, asante kwa Wayua. Alituketisha sisi miaka yote, yeye akimimina. Mpe sasa mahali pa kuketi karibu nawe, na asibebe chupa tena. Mlinde Emmah katika nchi ya baridi, na Becky hapa mahali pa mama yake. Yule fundi tusiyemjua, aliyeacha nafasi kwenye chuma, ibariki mikono yake. Mlaze Wayua wangu pema, Bwana, na siku utakayoniita, nikute amenisogezea kidogo kando yake. Amina.