Kwa Nini Tunamuaga Bi Breki Kwenye Maegesho ya Magari

Tarehe thelathini ya mwezi huu Bi Breki anastaafu, baada ya kuitumikia Idara ya Barabara kwa miaka ishirini na sita, yote akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mimi dereva wa idara, ambaye nusu ya wafanyakazi wananiita Mjomba na nusu wananiogopa, nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu hakuna aliyezunguka naye kunizidi. Pia mtu mwingine angeandika bila utamu.

Alianzia chumba cha simu, ghorofa ya chini, akipokea malalamiko ya mashimo na mifereji iliyoziba. Mtu alikuwa anapiga akiwa amefura kwa hasira, anakata simu yeye ndiye aliyeomba radhi. Jina la Breki alilipata kwa sababu hataki kusukumwa bila kuulizwa. Siku moja mkuu wa zamani alimsukuma, kwa wema tu. Bi Breki akafunga breki, mkuu akapita juu ya kiti kama gunia, miwani yake ikaruka hadi mtaa wa pili. Nilikuwepo. Asiyeamini akaulize mtaa huo.

Baadaye alihamishiwa kitengo cha ramani. Mtaalamu wetu wa kompyuta alikuwa ametengeneza kidude kidogo kama kiberiti, kinachofungwa chini ya kiti cha magurudumu. Kinahisi mtikisiko na mwinuko, kisha kinapeleka habari kwenye ramani ya simu. Kiti kikipita, njia inageuka kijani. Kikikwama, inakuwa nyekundu. Mwenye kiti mwingine anafungua simu yake na kuona pa kupita kabla hajatoka nyumbani. Bi Breki ndiye aliyeuzunguka mji na kidude hicho, jua na vumbi, mimi nyuma yake na gari. Wapo watu waliokuwa hawajafika sokoni tangu waumie, wakafika kwa jasho lake.

Sasa nifike pale kalamu inapokuwa nzito.

Ipo zahanati moja yenye ngazi mlango wa nyuma. Siku alipofika Bi Breki mvua ilikuwa inaanza, na wapagazi wanne, watu wazuri kabisa, wakamnyanyua na kiti chake wakamfikisha juu kabla hajasema lolote. Akawashukuru. Hakuna aliyekumbuka kidude. Chenyewe kiliona kiti kilikuwa chini na sasa kiko juu, basi. Mikono ya watu hakikuijua. Ngazi zikawa kijani.

Mwezi haukuisha. Binti mmoja fundi cherehani, naye mtu wa kiti, aliifuata kijani ile kwenda kufungwa kidonda. Alifika jioni, wapagazi wameshaondoka. Mlinzi akajaribu kumpandisha peke yake, akimvuta kinyumenyume, na mkono ukateleza wakiwa karibu kufika juu. Binti alifia wodini.

Nilimpeleka Bi Breki msibani. Mlango wa nyumba ulikuwa na ngazi, kwa hiyo alibaki uani. Mama wa marehemu akamfuata huko, akaketi chini mbele yake, akamuuliza simu ilijuaje kwamba pale panapitika. Bi Breki angeweza kusingizia mitambo.

“Ni mimi, mama. Mimi nilibebwa, yenyewe ikadhani nimepita.”

Yule mama akayatazama magurudumu.

“Basi, mwanangu, usibebwe tena.”

Tangu siku ile hajabebwa. Amenyeshewa mvua nje ya benki. Harusi ya mdogo wake ilikuwa ukumbi wa juu, akaisikiliza kutoka barabarani, amevaa gauni la sherehe. Alimganda mtaalamu mpaka akaweka kitufe cha “Nimebebwa”, na leo kila anapobebwa mtu ramani inaonyesha nyekundu. Zile ngazi za zahanati nazo ni nyekundu mpaka leo, kwa sababu bado ni ngazi.

Wiki hii mkuu wetu alipanga sherehe ukumbini, ghorofa ya tatu, na lifti yetu ni marehemu wa siku nyingi. Akachagua wanaume wanne wa kumpandisha, mimi wa kwanza, maana inajulikana kwamba niliwahi kunyanyua lori lililokwama, dereva akiwa ndani anasinzia. Akasema ni mara moja tu, kwa heshima. Bi Breki akamjibu kwa upole kwamba cheti wamkabidhi mtu mwingine, yeye atasimuliwa. Mkuu akasema basi sherehe hakuna. Hapo nikamwambia mkuu kwamba mgongo unaniuma, mara ya kwanza katika maisha yangu. Wenzangu watatu nao migongo ikawauma papo hapo.

Migongo hiyohiyo ndiyo iliyoshusha viti vyote vya ukumbini. Ndiyo maana, wageni wetu, mmekaa katikati ya magari mabovu. Kiti cha mkuu ni kile cha mbele. Mpaka naandika haya hajasema kama atashuka. Mkikiona kitupu, mtajua yuko ghorofa gani.

Dada yetu, ahsante kwa mji uliotupimia. Tunakutakia miaka mingi yenye afya, na njia za kijani, kijani ya kweli. Na asikubebe mtu, mpaka siku ile ambayo kila mmoja wetu atabebwa.