Gertrude Mwelu Makau, Aliyekataa Chekeche la Nailoni

Marehemu alituagiza tusiandike kwamba alikuwa mpole. Hakuwa, na hatutaanza kudanganya leo mbele ya jeneza lake.

Gertrude Mwelu alizaliwa Miasenyi tarehe 3 Agosti 1964, mtoto wa tatu wa marehemu Kiema na marehemu Mbinya, waliohamia huku kutoka Ukambani. Alisoma Maungu hadi darasa la saba, mwaka 1978. Mwalimu alipomkosoa hesabu iliyokuwa sahihi, alirudi ubaoni mara tatu, hadi mwalimu akacheka na kufuta alama ya kosa.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa Voi na Crispus Makau, fundi wa kuchomelea vyuma. Walijaliwa Sharon na Tom.

Mwaka 2003 aliajiriwa Voi katika kiwanda kidogo cha unga wa uji wa watoto, akawa msimamizi wa kuchekecha. Baadaye meneja alileta machekeche ya nailoni. Wakati wa kiangazi, unga ule laini ukisuguana na nailoni ulinasa umeme, ukaung'ang'ania wavu kama nywele kwenye sweta. Matundu yaliziba, wafanyakazi wakayagonga kwa fimbo, wavu ukachanika. Tarehe 6 Februari 2012 Gertrude alikuta uzi ndani ya pakiti. Alikataa kutia sahihi ya kuruhusu lori la unga liondoke.

"Ni uzi tu, Mama Sharon," meneja alisema.

"Basi mpikie mtoto wako kwanza, halafu nitasaini."

Alifutwa kazi siku hiyohiyo. Hakuomba msamaha.

Nyumbani Maungu, yeye na mumewe walijaribu nyavu miezi mitano: nailoni, shaba, chuma kisichoshika kutu. Kila wavu aliuinua kwenye jua akakagua matundu, kisha akapitisha unga uleule. Chuma kilishinda. Crispus alikitengenezea fremu ya chuma pia, akaiunga na waya uliofukiwa ardhini ili umeme upotelee huko. Wakafungua karakana ya machekeche, na plastiki ikapigwa marufuku humo, hata kopo la kuchotea. Wasagaji wa Kasigau hadi Taveta walikuja kununua.

Mwaka 2016 alikuja meneja yuleyule. Gertrude hakumfukuza.

"Vua saa, nawa mikono, uchekeche mwenyewe kwanza," alimwambia.

Meneja alichekecha nusu saa nzima, koti likawa jeupe, akaagiza machekeche manne.

Septemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Voi na Mombasa. Sharon alipomsihi apumzike, alijibu, "Nitapumzika sana tu. Nipe huo wavu." Aliaga dunia nyumbani Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa tatu asubuhi, Crispus akiwa amemshika mkono. Saratani ilimchukua mwili. Msimamo wake haikuuweza.

Ameacha mume, Crispus. Watoto, Sharon na Tom. Wajukuu, Valentine na Hillary. Na mimi Katuku, mdogo wake, ninayewasomea haya.

Mungu ampe pumziko lenye amani, ambalo yeye hakujipa. Sisi Jumatatu tunafungua karakana.