Mkanda wa Taa kwenye Kioo cha Kinyozi

Benchi letu liko mlangoni mwa kinyozi, na siku hizi tunalikalia kwa uchovu zaidi kuliko kwa furaha. Tangu duka la kunyoa la ng'ambo ya barabara liwashe taa za rangi, wateja wanavukia huko kama kumbikumbi. Ndugu yetu Kinyozi amebaki kufagia sakafu isiyo na nywele. Basi naye kanunua mkanda wa taa na kontrola yake, kile kidude cha kubadili rangi, akampa Fundi Waya, mtengeneza redio wetu, aubandike kuzunguka kioo. Kubandika hakukutushinda. Kuwaka ndiko kulikotutoa jasho.

Fundi Waya aliiunga kontrola kwenye chaja ya simu. Mkanda ukatoa wekundu hafifu, kama jicho la mtu aliyekesha msibani.

Mzee Ripoti, aliyestaafu ukarani lakini hajastaafu kueleza, alisema umeme unachoka ukifika kwenye kona. Hata yeye ngazi zenye kona humfikisha juu hoi. Fundi akasema hapana, ni zile waya nne: tatu ni watoto wa rangi, ya nne ni mama yao, na mama akinuna watoto hawatoki nje. Mimi nikasema labda tulianza kazi bila kumtaja Mola. Mungu anisamehe, sikusema kwa imani. Nilitaka tu nami nionekane nina neno.

Kinyozi alitumiminia kahawa bila kucheka.

— Tangu asubuhi sijashika kichwa cha mtu.

— Tulia, mdogo wangu, Mzee Ripoti akamwambia. Palipo na wazee haliharibiki neno.

Hapo Fundi akausogelea mkanda pale kiooni, akasoma: volti kumi na mbili. Chaja ya simu inatoa tano. Akaangaza macho dukani, yakatua kwenye chaja ya mashine ya kunyolea.

— Hii ndiyo saizi yake.

— Lakini pini yake haiingii, Kinyozi akasema.

— Tunaikata. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi ndiye niliyeushika waya akakata. Akaunga, akafunga utepe, akachomeka. Kioo kizima kikawaka: nyekundu, kijani, buluu. Kinyozi alipitisha kiganja usoni, kama anayetoka kuomba dua.

Haukupita muda, bwana mmoja mwenye nywele kichaka, aliyekuwa anavuka kwenda ng'ambo, akageuka. Akaingia, akakaa kitini, akavua kofia.

— Taa zenu zimenivuta. Nyoa zote.

Kinyozi akabonyeza mashine. Ikakoroma kidogo, ikazimika, chaji imekwisha. Akageuka kuutafuta waya wa chaja yake, macho yakapanda taratibu mpaka kwenye kioo. Yakabaki huko.

Mteja alimtazama humo humo kiooni, uso wake mara kijani, mara buluu.

— Sasa mnaninyoa na nini?

Mzee Ripoti alikohoa. Fundi Waya akaanza kukusanya koleo zake, moja moja. Mimi nilikiinua kikombe nikanywa, na hakikuwa na kitu.