Panya wa Mpira Aliyewakosanisha Breki na Shemasi

Benchi la Bi Nettie liko kwenye kona, pale barabara inapokunja kuteremka ziwani, nje ya duka lake la chambo, kati ya friji ya barafu na sanduku la nyenje hai. Kila asubuhi, kabla jua halijavuka misonobari ya Cane Fork, birika kubwa la kahawa hutolewa nje, na watu walewale hukaa palepale. Kushoto hukaa Odell Stamper, aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, ndiyo maana anaitwa Breki. Kulia hukaa Clovis Yancey, fundi bomba, anayeitwa Shemasi, si kwa sababu ya dini, bali kwa sababu hufumba macho mwenzake anapozungumza, utadhani anaomba. Zamani hawa wawili walikaa wamebanana bega kwa bega. Tangu Oktoba, katikati yao hukaa Wiley Pruett, Redio, mwenye kazi ya kupeleka maneno ya huyu kwa yule, ingawa kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri tu.

Asubuhi hiyo ya mwisho wa Mei wingu lilikuwa limeshuka, manyunyu yanaanguka na kukatika. Redio alianza uchokozi hata kabla hajajimiminia kahawa.

— Hali ya hewa kama hii, samaki besi anakula juu juu. Panya wa mpira angetembea leo, jamani! Angetembea kwa madaha!

Breki alitazama kule gatini. Mashua yake na Shemasi, waliyoinunua pamoja, ilikuwa bado imefunikwa turubai, na majani makavu ya mwaka jana yamejaa juu yake.

— Nimesema panya, Redio akarudia. Au tumepigwa marufuku kumtaja?

— Mwambie Shemasi panya hana kosa, akasema Breki.

— Shemasi, Breki anasema panya hana kosa.

— Mwambie hilo nalijua. Mwenye kosa ni aliyeshika fimbo ya kuvulia.

— Breki, anasema...

— Mwambie mwenye kosa ni aliyepiga kelele "vuta!"

— Mwambie mtu mzima akiambiwa vuta, anatumia akili kwanza.

— Taratibu, bwana! Redio akalalamika. Mimi nina mdomo mmoja tu.

Kisa chenyewe kila mtu pale alikijua. Panya alikuwa wa mpira, wa kijivu, mwepesi, mwenye mkia wa ngozi na ndoana mbili zilizojificha mgongoni. Unamtupa juu ya majani ya yungiyungi, unamvuta kidogo kidogo, naye anahangaika juu ya maji kama panya wa kweli aliyeteleza ukingoni akaangukia ziwani. Besi, yule samaki wa kijani ambaye mdomo wake unameza ngumi ya mtu, hujificha chini ya majani hayo. Akisikia vurugu juu, hupanda na kumfyonza. Oktoba iliyopita, kwenye ghuba ndogo ya Hargrove, alipanda mmoja ambaye Breki hakuwahi kuona mfano wake. Maji yalipasuka. Shemasi, wavu mkononi, akapiga kelele, "Vuta!" Breki akavuta kwa nguvu zake zote kabla samaki hajafunga mdomo. Panya akachomoka, akaruka hewani, akanasa kwenye kofia ya Shemasi na kuitupa majini. Yote hayo yangeishia kwenye kicheko. Lakini Breki, kwa uchungu wa kumkosa yule samaki, akasema, "Heri ungekuwa bubu!" Shemasi akamjibu, "Haya." Basi. Tangu siku hiyo hakumwambia neno lingine.

Majira yote ya baridi Breki alikuwa akija benchini na maneno ya kumwomba radhi ulimini. Kila akifika, anamkuta Redio katikati. Angempa Redio ujumbe wa namna hiyo? Ungefika umeongezwa chumvi, pilipili na machozi ambayo yeye hakuyatoa.

Bi Nettie alitoka na sinia la mikate midogo ya soseji, akaiweka juu ya sanduku la nyenje.

— Mnabishana tena habari ya yule samaki? Nimeshawaambia, yule alikuwa jike, na hakuwa na njaa. Alimpiga panya kama ninavyompiga mimi akiingia jikoni kwangu. Mimi nikimfukuza panya kwa ufagio, nataka kumla?

— Samaki hana jiko, Bi Nettie, akasema Redio.

— Hana jiko, lakini ana kwake.

— Hapana, akasema Redio. Tatizo lilikuwa sharubu. Panya wenu hana sharubu. Samaki kapanda, kafungua mdomo, kamtazama usoni, kaona huyu ni tapeli.

— Mwambie Redio, akasema Shemasi, amefumba macho, kwamba samaki akipanda hatazami sharubu.

— Redio ni mimi hapa, Shemasi! Sema na mimi!

— Ah. Nimezoea vibaya.

Breki alijikuta anacheka, akakificha kicheko ndani ya kikombe. Aliona bega la Shemasi nalo linatikisika. Redio akanogewa.

— Haya, nisikilizeni. Bwawa lilipojengwa, maji yalifunika shamba la kina Hargrove, ndiyo au siyo? Na ghala lao la mahindi likazama likiwa limejaa. Na ghala lililojaa lina nini?

— Mahindi, akasema Bi Nettie.

— Panya! Panya wasiohesabika, wote wakaelea siku moja. Mababu wa besi hawa walikula panya mpaka wakalewa. Wakawasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu. Kwa hiyo yule wa Breki alikuwa anatafuta panya wa ukoo, panya wa mahindi. Akaonja mpira. Nyie mngefanyaje?

— Samaki wanasimuliana? Breki akauliza.

— Watafanya nini kingine? Kule chini kuna televisheni?

— Basi kama wanasimuliana, akasema Bi Nettie, sasa hivi ziwa zima linajua habari ya kofia ya Shemasi.

— Wanaivaa kwa zamu! Redio akapigilia, na hapo hata Shemasi alifumbua macho akacheka kwa sauti.

Gari la barafu liliegeshwa mbele yao. Dereva alikuwa mgeni, mwanamke wa makamo mwenye jina lililoshonwa kifuani mwa shati, Inez. Alishusha mifuko ya barafu mmoja mmoja, akaipanga ndani ya friji, huku sikio lake liko benchini. Redio akaanza upya, sasa ghala lilikuwa limeshakuwa maghala na panya wana mkubwa wao. Inez alifunga friji, akapokea kikombe kutoka kwa Bi Nettie, akapuliza mvuke wa kahawa.

— Samahani, wazee. Huyo samaki bado yupo?

Bi Nettie alimtazama Breki. Breki akatazama kiatu chake.

— Swali gani hilo? Redio akasema.

— La kawaida tu. Mmesema alikuwa hapo Oktoba. Sasa ni Mei. Kuna aliyekwenda kuangalia?

Manyunyu yaligonga bati la duka. Watu ambao walikuwa na jibu la sharubu, la ufagio na la ghala lililozama, wote walikaa kimya, na Breki akahisi uso wake unapata moto. Miezi yote hiyo walikuwa wakimgawana samaki benchini, na ziwa liko hapo chini, mtu unalirushia jiwe.

Akasimama.

— Redio, mwambie Shemasi...

— Leo sina betri, akasema Redio, akajaza mkate mdomoni.

Breki akashika njia ya gatini peke yake. Alikuwa amefika nusu ya mteremko aliposikia nyuma yake buti za fundi bomba, zile nzito, zikikanyaga kokoto. Hakugeuka. Aliogopa akigeuka zitasimama.

Walikunja turubai kila mmoja kwa upande wake, wakamwaga maji ya mvua, wakasukuma. Shemasi alikaa nyuma akashika kasia, palepale pake pa siku zote. Breki alikaa mbele na fimbo iliyolala chini ya turubai tangu Oktoba, panya amening'inia kwenye mshipi. Ghuba ya Hargrove ilikuwa imefunikwa majani ya yungiyungi toka ukingo hadi ukingo, na kati yake vijinjia vya maji meusi.

Breki alirusha. Panya akatua juu ya jani, akavutwa, akateleza majini, akatikisa mkia. Hakuna kitu. Akarusha tena, na tena. Chura mmoja tu ndiye aliyejitokeza kumtazama. Matone yalidondoka kutoka kwenye kasia.

— Clovis, akasema Breki, bila kugeuka. Lile neno nililokuambia. Lilikuwa neno la kijinga. Nimeona aibu nalo tangu siku ile ile.

Kasia lilisimama.

— Sikutaka uwe bubu, akaendelea. Sijawahi kutaka.

— Unajua lilivyonitesa? akasema Shemasi. Unajua nina mangapi ya kukuambia? Nimevimba, Odell! Nimepata mjukuu, hata sijakusimulia!

— Nilisikia. Redio aliniambia mapacha.

— Mapacha! Ni mmoja! Ni msichana, anaitwa Corrine. Redio huyo nitamzamisha.

Breki aligeuka mzima mzima, fimbo mapajani, panya kaachwa huko kati ya majani ametulia.

— Hebu nisimulie. Toka mwanzo.

— Toka mwanzo? Ilikuwa ile dhoruba ya barafu ya Februari. Tansy alikuja kwangu na tumbo lake kubwa kwa sababu kwake umeme umekatika. Barabara zimefungwa. Usiku bomba la jikoni likapasuka kwa baridi. Mimi niko chini ya sinki, nimelishika kwa mikono miwili, maji yananipiga usoni, nahangaika kulifunga. Tansy akaja mlangoni, ananiambia, baba, mtoto anakuja. Namwambia, subiri kidogo, mwanangu, nifunge hili bomba...

— Ulimwambia asubiri!

— Nilimwambia asubiri! Naye akapiga kelele, baba! Hasubiri mtu hapa!

Nyuma ya Breki maji yalipasuka kwa kishindo, matone yakawafikia wote wawili. Shemasi alifumba mdomo akabana meno. Breki hakuvuta. Hata hakuwa amekumbuka kwamba ana fimbo. Alikuwa bado amefungua mdomo, anamwona rafiki yake chini ya sinki. Ndipo mshipi ukanyooka, ukakata majani, na uzito ukamvuta mkono mpaka kiwiko. Sasa akainua.

Fimbo ilipinda. Samaki alizama chini ya majani, akatoka upande wa pili, akaruka mzima mzima juu ya maji, kijani na kifua cheupe, panya amenasa pembeni ya mdomo. Mashua ilizunguka. Breki alikuwa anacheka na kutukana kwa pamoja. Shemasi alipiga magoti, akapitisha wavu chini yake, akainua kwa mikono miwili, na wote watatu wakaanguka chali ndani ya mashua.

— Ni yeye? akauliza Shemasi, akihema.

Breki alimshika taya ya chini, akamtoa panya aliyetafunwatafunwa, akamtazama samaki huku na huku.

— Nitamjuaje? Siku ile nilimwona mdomo tu.

— Basi huyu anaweza kuwa mwingine. Na yule bado yupo.

— Anaweza. Haya, bomba. Umelishika kwa mikono miwili, Tansy anapiga kelele. Halafu?

— Odell! Una samaki mkubwa kuliko mbwa wangu mikononi mwako!

— Namwona. Halafu?

Aliinama akamteremsha samaki majini, akamshikilia hapo, mapezi yakianza kupiga taratibu. Shemasi alikaa kwenye maji yaliyojaa sakafuni mwa mashua, wavu uliolowa magotini, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

— Halafu, akasema, nikaliachia bomba.