Nalala Shari, Naikala Fataki

Ndugu zangu, nawasalimia mu jina ya Ule aliyetulaza salama na akatuamusha. Mimi si mutu wa kusema mingi mbele ya watu. Wenye wananijua wameshaanza kucheka. Mucheke, lakini munisikilize.

Munakumbuka siku ya kwanza nilifika mu kundi hii ya kanisa? Mama prezida alinisimamisha, akasema: "Tuambie unatoka wapi, na unaikala wapi." Nikajibu: "Nalala Shari, naikala Fataki." Mulicheka sana, mulifikiri natania. Hapana. Usingizi yangu ilikuwa Shari, mutaa wa hapa Bunia, lakini maisha yangu niliiacha kule kwetu Fataki.

Fataki ndiko nilizaliwa. Baba yangu alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na manjanja, yale mabati, juu, na mvua ikinyesha ku ile manjanja hatukusikilizana mule ndani. Bwana yangu alipokufa, nilirudia mu nyumba ile na watoto yangu, tukaikala na mama. Kisha vita ikakuja. Tulikimbia na kile mikono ilishika. Mama alifunga sufuria zake mu kitenge, akaibeba ku kichwa mpaka hapa Bunia.

Mu Shari tukapata nyumba ya kupanga kwa muzee mumoja mwanamuke, mutu wa Mahagi. Nyuma kulikuwa nafasi ya kulima. Mimi nikapanda lengalenga, ile muchicha. Lengalenga tu! Inaota mbio, unaikata, unakula, na siku ya kurudia kwenu hauachi kitu. Tena munajua vile iko: mupangaji hapandi kitu ya kukomaa mu parseli, mu kiwanja ya mutu. Ukipanda ndizi, mwenye parseli anaanza kukuangalia vibaya, anasema unataka udongo yake.

Lakini nawaambia, kwangu haikuwa heshima ya mwenye parseli. Nilikuwa nakatala kuikala. Watoto wakiomba kitanda, nasema tutatengeneza tukifika kwetu. Binti yangu akitaka kuimba mu korali, nasema ya nini, tunarudia sasa hivi. Na kitenge ya mama ilikuwa pembeni ya mulango, imefungwa. Akitaka kupika, anafungua, anatoa sufuria, anapika, anaosha, anafunga tena. Kila siku ya Mungu! Siye wote tulikonda, na si juu ya njaa peke yake. Nilikuwa naamuka bila hamu ya kitu. Nilichukia hata jua ya Bunia.

Mama wa parseli, ule mutu wa Mahagi, alikuwa ananichokoza.

"Weye, hata mbuzi yangu imechoka na lengalenga yako. Panda ndizi."

"Mama, siye tuko tunapita tu."

"Nimekuambia unaniibia udongo? Panda!"

Nikakatala.

Siku moja habari ikafika kwamba barabara imetulia, watu wameanza kurudia. Mama akasema anataka kufia mu nyumba ya bwana yake, na mimi roho yangu ikaruka. Nikamwambia: acha niende nione kwanza.

Ndugu zangu, nyumba ilikuwa imesimama. Nilianza kulia mbele hata pikipiki haijasimama. Lakini manjanja yote ilikuwa imekwenda. Juu kulikuwa bashi tu, ile ya plastiki, na moshi ilikuwa inatoka ndani. Mwanamuke akatoka, mutoto ku mugongo. Mutu kama mimi, alikimbia vijiji vya mbele. Aliniangalia, akajua.

"Mama, nyumba ni yako?"

"Ni ya baba yangu."

"Basi tuachie hata leo tu, tufunge vitu."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilikuwa nimeshapata neno ya kumuchoma. Nikazunguka nyuma kwanza, nipumue. Kule nikakuta ndizi. Zimesimama, zimebeba mikungu, na machipukizi, watoto yake, chini.

"Nani alipanda hizi?"

"Ni mimi, mama. Unisamehe."

"Na ulijua nyumba iko na wenyewe?"

"Nilijua. Nilijua kama siku moja mutakuja. Lakini watoto wanakula kila siku, mama."

Ni pale Mungu alinikamata. Mwanamuke huyu hana haki hata ya mulango, na ameikala. Mimi nimepewa ruhusa mu Shari, nimebembelezwa, na nimekatala! Nikaanguka chini mu udongo, tukalia wote wawili, kila mutu na yake. Nikamwambia: "Bakia. Utuangalilie nyumba. Siku tutaweza kurudia, tutaongea." Akachimba mutoto moja ya ndizi, akaifunga mu gunia na udongo yake, akanipa.

Kurudi, njia yote niliogopa mama. Lakini nikamwambia yote: manjanja, bashi, mwanamuke. Akafungua gunia, akasugua ule udongo mu vidole. Kisha akaniuliza kitu moja tu.

"Anapikaka mu jikoni yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ni vizuri. Moshi itafukuza muchwa ku mbao."

Akasimama, akatafuta jembe. Asubui yake nikaona kitenge imefuliwa, iko ku kamba inakauka. Sufuria zilikuwa zimepangwa jikoni. Nililia tena, lakini ile ilikuwa kulia ingine.

Nashukuru mama wa parseli, mwenye hakuchoka kunichokoza. Nashukuru kundi hii: mulicheka siku ile, lakini kesho yake mulikuja na unga na kuni. Na ule mwanamuke wa kule, Mungu amuangalie.

Sisemi mutu asirudie kwao. Mwenye njia yake iko wazi, aende, tutamusindikiza na nyimbo. Mimi mwenyewe Fataki ni kwetu mpaka kufa, na siku itafika. Ninasema hivi tu: pahali unalala leo, uikale. Mutoto apate kitanda. Binti aimbe. Munamusikia sauti yake mu korali kila Siku ya Mungu, sina haja ya kumusifu.

Juzi mutu alikuja kutembelea jirani, akamuuliza mama yangu unaikala wapi, muzee. Mama akasema: "Naikala hapa, kwa ndizi zangu." Ni yeye pale mbele, anaficha uso.

Na ndizi imezaa. Mukungu ya kwanza iko inje kwa mulango, imeiva, na watoto yake nimechimba. Mwenye iko na nafasi nyuma ya nyumba, asiende mikono mitupu. Mwenye anapanga, aombe ruhusa kwanza. Akikataliwa, aniite: nitakuja na mama wa parseli yangu.