Jembe la Yunisi

Saulo alipanda basi Uyole akitaka kulala mpaka Iringa, lakini wanawake wawili wa kiti cha mbele walikuwa na mpango mwingine.

"Mwanangu, umekonda! Kula," mama mmoja alisema, akimsukumia jirani yake hindi la kuchoma.

"Asante mama, namaliza mayai kwanza. Nilipunguzwa tumbo kwa upasuaji, sasa ni miezi minane. Likijaa mahindi, mayai yatakaa wapi? Daktari kasema nisipokula vya kujenga mwili na kufanya kazi, misuli nayo itaondoka na mafuta."

"Kazi! Na kidonda je?"

"Kilishapona, na daktari karuhusu. Shida ni mawifi. Wameniona nimepungua, wakaficha jembe langu, wananipikia uji. Sasa nikiinuka kwenye kigoda miguu inatetemeka."

"Si wanakupenda, Yunisi?"

"Wanipende, ila shambani nitaenda."

Saulo aliwaonea huruma mawifi.

Basi liliposimama Nyololo, Yunisi aliinama, akavuta kutoka chini ya kiti jembe jipya lililofungwa gazeti.

"Pumzika kwanza, mwanangu!" mama alimsihi. "Hata mpini halina!"

"Nitauchonga mwenyewe," alijibu Yunisi, akashuka.