Taratibu na Saa Yake ya Bahari

Ndugu, majirani na marafiki, wasifu huu haukutarajiwa kusomwa mwaka huu. Mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayeusoma, alikuwa amejipanga kutangulia yeye. Ndiye mwenye kisukari, ndiye anayepumzika mara mbili akipanda ngazi za ghorofa moja, na dada yake alikwishamwahidi kwa utani kwamba atamwandikia wasifu mfupi usio na sifa za uongo. Mambo yamegeuka. Familia imepigwa na butwaa, na maneno yakikwama mahali fulani, mtuwie radhi.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga unga, ambako baba yao alikuwa fundi. Mashine ilianza kunguruma alfajiri na kunyamaza jua likizama. Mtoto yule alilala humo, akala humo, akajifunza kusema humo, na watu walishangaa kwamba ukimwita kwa sauti ya kawaida katikati ya kelele zile, alikusikia. Mdogo wake, aliyezaliwa miaka minne baadaye, ilibidi apige kelele mpaka koo likauke, kisha dada yake amjibu kwa upole kwamba alikwishamsikia tangu mara ya kwanza. Mambo hayo yalimkera sana mdogo mtu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1978. Huko alipewa kazi ya kutuliza bweni baada ya kengele. Wenzake waliotangulia kwenye cheo hicho walitumia fimbo na makelele. Yeye alisimama mlangoni akaongea polepole, na kadiri wasichana walivyopiga kelele, ndivyo alivyopunguza sauti, mpaka wakanyamaza wenyewe ili wasikie anasema nini. Kwa kawaida alikuwa hasemi lolote la maana.

Mwaka 1982, baada ya mafunzo ya miezi tisa katika chuo cha simu, alipangiwa kazi katika mji wa pwani. Hapo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka ishirini na moja. Haikumvutia hata kidogo. Aliandika barua nyumbani akisema maji ni mengi kupita kiasi na hayanyweki, na upepo wake unaharibu nywele.

Juni 1987 alihamishiwa kituo cha kupokea simu za dharura, upande wa magari ya wagonjwa, na huko alikaa miaka thelathini na nne. Kilikuwa chumba kimoja kirefu kisicho na madirisha, meza sita, viti vilivyochakaa mikononi, na taa nyekundu juu ya kila meza inayowaka simu ikiingia. Swali lake la kwanza lilikuwa uko wapi, na la pili lilikuwa anapumua. Katikati ya hayo alisema, "Taratibu, mama. Taratibu, baba, niko hapa." Neno hilo alilisema mara nyingi kiasi kwamba wenzake wakamwita Taratibu, na jina likamganda mpaka kwa majirani na kwa daktari wake. Wengi waliokuja leo hawakuwahi kumwona. Wanajua sauti tu, nao wamekuja.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Aprili 1985 na fundi wa majokofu, mwanamume ambaye akisema sentensi tatu mfululizo watu hutazamana. Walijaliwa watoto wawili: wa kiume, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, na wa kike, mwoka mikate, ambaye ndiye aliyekuwa naye siku ya mwisho.

Saa ya bahari ilianza Jumanne tarehe 22 Agosti 1989. Siku hiyo marehemu alikaa kwenye simu dakika kumi na tisa na mama ambaye mtoto wake alikuwa ametumbukia kwenye tangi la maji. Gari lilifika, lakini mtoto hakupona. Taratibu alimaliza zamu yake, akatia saini daftari, akarudi nyumbani. Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni, na mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti akamfokea mumewe mpaka majirani wakatoka nje. Mumewe alimwacha mtoto kwa jirani, akamshika mkewe mkono, akampeleka kwenye benchi la saruji kando ya ukuta wa bahari, akamketisha. Wakakaa. Mume anasema alitafuta la kumwambia akalikosa, ndiyo maana akanyamaza, na mpaka leo anashangaa kwamba ukosefu huo umesifiwa kama hekima. Ilipotimia saa nzima, mkewe akasema ana njaa.

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Kila baada ya zamu marehemu alipitia benchi lile, akakaa saa kamili, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Ukiwa na shida naye, ulikaa upande wa pili wa benchi, ukafunga mdomo, ukasubiri mpaka yeye mwenyewe aseme, "Haya, sema." Mwaka 1997 bomba la jikoni lilipasuka. Mumewe alikimbia mpaka baharini, akamkuta ndiyo kwanza ameketi, naye akaketi. Akasubiri dakika hamsini. Alipoambiwa haya, sema, akasema nyumba imejaa maji. Marehemu alicheka hadi akashindwa kusimama, na walipofika nyumbani mkeka wa sebuleni ulikuwa umeshajitoa wenyewe hadi barazani.

Aliulizwa mara nyingi bahari ilimpa nini. Alisema kazini anauliza siku nzima na kila jibu lina kilio ndani yake, lakini bahari haina swali na haitaki jibu. Dakika kumi za kwanza, alisema, bado unasikia simu. Halafu unasikia mawimbi. Halafu husikii kitu. Halafu unasikia tumbo lako mwenyewe linadai chakula, na hapo ujue umepona. Mkuu wa zamu alimcheka kwa miaka miwili, kisha siku moja akaja akakaa kwenye ukuta, mbali kidogo, akijifanya anafunga viatu. Marehemu alipostaafu mwaka 2021, wafanyakazi watano walikuwa wakipitia pale baada ya zamu, kila mmoja na mahali pake, bila kusemeshana, naye mwenyewe hakuacha kwenda.

Mwaka 2014 aligundulika kuwa na presha. Alimeza dawa zake bila kukosa, na muuguzi wa zahanati alizoea kumuuliza kwanza kama ametokea nyumbani au baharini, maana siku alizotokea baharini kipimo kilikuwa chini. Jumatatu tarehe 3 Novemba mwaka huu alipimwa, akaambiwa yuko vizuri, arudi baada ya miezi mitatu. Kadi yake iko kwenye droo ya kabati, na tarehe ya Februari imeandikwa. Ndugu zangu, hatukuandaliwa. Hakuugua kitandani, hakumwita mtu, hakusema anajisikia vibaya.

Sasa inafuata sehemu ambayo binti yake mwenyewe ameomba isomwe, na isipunguzwe.

Jumapili tarehe 14 Septemba, kwenye meza ya chakula, binti alimwambia mama yake neno alilolibeba tangu utotoni. Alimwambia kwamba mji mzima ulipata sauti yake, bahari ikapata saa yake nzuri, na wao watoto wakapata makombo. Alisema alikua akiionea wivu bahari kama mtu anavyomwonea wivu mke mwenza. Marehemu alikusanya sahani, akaenda jikoni. Majuma saba na siku chache yakapita bila wawili hao kusemezana, kila mmoja akimwuliza mzee wa nyumba habari za mwenzake, na mzee, kwa tabia yake, akijibu kwamba yupo.

Alhamisi tarehe 6 Novemba binti alifunga tanuri mapema, akavua aproni, akaenda baharini kuomba msamaha. Alifika saa kumi na robo. Mama yake alikuwa kwenye benchi, viatu vimevuliwa na kupangwa sambamba, kichwa kimeinama kidogo, uso kuelekea majini. Binti, ambaye maisha yake yote aliichukia sheria ile, siku hiyo aliamua kuiheshimu. Akaketi upande wa pili, akafunga mdomo.

Anasema dakika kumi za kwanza alisikia hasira zake zote, moja baada ya nyingine. Kisha akasikia mawimbi. Kisha kitu kikamlegea kifuani, kitu ambacho hakujua kwamba amekikaza tangu utotoni, na akaelewa mama yake alikuwa akifuata nini pale miaka yote. Alikuja akajua kwamba mwanamke yule alikuwa akiviacha pale vilio vya watu ili asiviingize nyumbani. Mfagia barabara, aliyemfahamu marehemu kwa miaka, alisogea awasalimie, na binti akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Mzee yule akatabasamu, akapita. Yupo hapa leo, na hajaacha kulia.

Saa ikatimia. Mama hakusema haya, sema. Binti akadhani bado amenuniwa, akaongeza dakika kumi, akiona ni haki yake kununiwa. Ndipo akanyoosha mkono, akaugusa wa mama yake.

Alipiga simu ya dharura. Aliyeipokea ni msichana aliyefundishwa kazi na marehemu. Akauliza uko wapi, na binti akasema kwenye ukuta wa bahari, benchi la Taratibu. Kisha msichana yule, sauti ikimtetemeka, akauliza swali la pili kama alivyofundishwa, na binti akajibu kwamba hapumui. Gari lilifika ndani ya dakika saba. Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama ghafla. Kuhusu muda, alisema huenda ilikuwa kabla binti hajaketi, huenda baadaye kidogo, na kwamba hata angewahi, uwezekano wa kumrudisha ulikuwa mdogo. Zaidi ya hapo hakuweza kusema, na hatutamlazimisha.

Jumamosi iliyopita mdogo wake marehemu alikuwa mezani akiandika karatasi hii. Binti alikuja akasoma rasimu, akafika kwenye orodha ya walioachwa, akachukua kalamu na kulikata jina lake. Alipoulizwa, alisema si kwamba alikaa na maiti bila kujua. Kinachomla ni kwamba alikaa pale kwa raha. Hajawahi kuwa na saa nzuri kama ile na mama yake, na ndiyo saa ambayo mama yake alikuwa akifa. Alisema mtu aliyejisikia vizuri wakati ule hastahili kuandikwa pamoja na wafiwa.

Baba yake alikuwa dirishani amewapa mgongo, na bila kugeuka akamuuliza swali.

"Ulipofika, mkoba wake ulikuwa wapi?"

Binti akasema ulikuwa mapajani.

"Una hakika? Haukuwa pale kwenye benchi?"

"Ulikuwa mapajani, baba. Nilikaa bila kuusogeza."

Mzee akageuka. Kwa miaka thelathini na sita, alisema, yeye peke yake ndiye aliyekaa naye pale mara nyingi, na kuna jambo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemwuliza. "Mama yako akikaa, mkoba anauweka pembeni, ashike benchi zima. Hauondoi kwa ajili ya mtu. Akikuona unakuja, na wewe ni mtu wake, anauchukua anaupakata, upate pa kukaa. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake."

Binti akauliza kama ana uhakika, na baba yake akasema uhakika wa daktari hana, lakini mkoba ule anaujua. Kisha akamwambia neno moja zaidi. "Kama ulitulia, ulitulia naye. Usimrudishie."

Mdogo wa marehemu hapendi kudanganya mazikoni, kwa hiyo atasema wazi kwamba hakuwahi kuuona mkoba huo ukihama, na huenda siku ile marehemu aliupakata tangu mwanzo kwa sababu zake mwenyewe. Lakini mume wa marehemu hajawahi kusema sentensi nyingi kiasi kile tangu siku ya ndoa yake, na binti alilia kilio ambacho alikuwa amekizuia tangu Alhamisi, akala, akalala.

Marehemu amefariki akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Ameacha mume wake, fundi wa majokofu. Ameacha mtoto wa kiume, mwalimu wa hesabu, pamoja na mke wake, na wajukuu watatu. Ameacha mdogo wake huyu asiyekuwa na mtu tena wa kumtania. Ameacha wenzake wa kazini, ambao wameomba wasitajwe mmoja mmoja kwa kuwa wengine wako zamu sasa hivi na simu zinaingia. Mstari wa mwisho uliandikwa asubuhi ya leo kwa mkono wa mwenyewe anayetajwa, baada ya karatasi kwisha kuchapwa, ndiyo maana kwenye nakala zenu haumo. Unasomeka hivi: "Na binti yake, aliyekaribishwa."

Mwenyezi Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.